Ujuzi wa Kuazima

Beli la mitumba huwa na kilo 45. Likishushwa kando ya barabara ya Ngong, hubebwa mgongoni au kwa mkokoteni hadi kibandani, kamba zikakatwa huku wateja wamelizunguka. Nguo za daraja la kwanza, zisizo na doa wala mshono uliofumuka, huitwa kamera, na wanaojua huzinyakua kabla hazijagusa meza. Zinazobakia siku za mwisho huitwa fagia. Hizo hulundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kumaliza. Katika Soko la Toi, pale kati ya Adams Arcade na Makina ya Kibera, safari hiyo ya kutoka kamera hadi fagia ndiyo iliyogawa nafasi. Njia haiwezi kuwa nyembamba kuliko mtu mwenye beli mgongoni. Ufito wa kutundikia makoti hauwezi kuwa juu kuliko upembo wa muuzaji unapofika. Bati la mbele hutokeza kidogo ili jua lisichujue rangi za nguo. Likitokeza zaidi litagongana na la jirani wa ng'ambo, na maji ya mvua yatamwagikia mteja.

Vipimo hivyo havikuandikwa popote. Aliyejenga kibanda alivijua kwa bega, kwa mkono, na kwa hasara ya masika yaliyopita.

Kisha huja mtu wa kuviandika. Ni mwanafunzi wa usanifu majengo aliye mwaka wa mwisho; ana daftari, simu ya kupigia picha na futi ya chuma inayojikunja yenyewe. Mafunzo ya fani hii yalianza Nairobi mwaka 1956, wakati Chuo Kikuu cha Nairobi kikiitwa Royal Technical College, na leo yanatolewa pia JKUAT na Technical University of Kenya. Anayetaka shahada hupaswa kuthibitisha kwamba anaweza kuuliza swali lake mwenyewe, kulitafutia jibu mahali penye watu, na kusimama mbele ya jopo akalitetea jibu hilo kwa maneno na kwa michoro. Toi huwavuta wanafunzi wa aina hiyo, na si vigumu kuona sababu. Ndani ya mwendo wa dakika chache mna karibu kila jambo linalomhangaisha msanifu: paa, maji, moto, ardhi, njia, biashara, na maelfu ya watu wanaotaka kusimama mahali pamoja.

Futi ikitolewa mfukoni, mazungumzo hupoa.

"Kijana, umetumwa na nani?" Swali hilo hutangulia salamu nyingine zote. Na jibu la "Mimi ni mwanafunzi tu, mama" halitoshi, wala halistahili kutosha, maana Kibera ni mahali ambapo kupimwa kumewahi kuwagharimu watu makao yao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea askari wa Kinubi na jamaa zao ekari 4,197 katika eneo waliloliita Kibra, yaani msitu. Mwaka 2017, jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya pamoja, ilikuwa ya ekari 288. Katikati ya karatasi hizo mbili kuna takriban miaka 100 ya mistari iliyochorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kulala Kibera hata usiku mmoja. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kuibomolea njia barabara ya kuunganisha zile za Ngong na Lang'ata. Maelfu ya watu walibaki nje, na shule zikaanguka pamoja na nyumba. Zoezi la kuwahesabu walio kwenye njia hiyo lilikuwa limeanza mwezi uohuo. Aliyeishuhudia Julai ile na alama za X zilizopakwa kutani hawezi kumwona mtu mwenye futi akamdhania mpita njia.

Kwa hiyo swali la mama mwenye kibanda ni swali la falsafa hata kama hakulipa jina hilo. Je, mtu ana haki ya kukijua kila kinachoweza kujulikana? Na akishakijua kwa msaada wa mwenzake, anadaiwa nini?

Vitabu vya mbinu za utafiti vina majibu ya kiofisi. Mtafiti hupata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Humweleza mhojiwa lengo la kazi yake, humwomba ridhaa, na huficha jina lake, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kanuni hizi ni njema na anayezipuuza anakosea. Ila zinamlinda mhojiwa kama mtu anayelinda bilauri isivunjike: zinahakikisha tu kwamba hatadhurika. Haziulizi alichotoa kimekwenda wapi.

Kuna kisa cha kale kinacholiweka swali hili wazi. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anataka kuthibitisha kwamba roho ya binadamu haifi na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Anamwomba Meno, anayezungumza naye, amwitie mmoja wa watumishi wake. Anakuja mtoto mtumwa ambaye hajafundishwa hesabu. Socrates anachora mraba wenye upande wa futi mbili, yaani eneo la futi nne za mraba, na kumwuliza mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande gani. Mtoto anasema futi nne. Mraba unatoka wa 16. Anasema tatu; unatoka wa tisa. Anakwama, anakiri hajui, na swali kwa swali anaongozwa hadi kwenye mstari unaokata mraba kutoka pembe hadi pembe. Mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio wa futi nane.

Walimu wa hisabati hukipenda kisa hiki, na wanafalsafa wamekijadili kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini msomaji wa Nairobi, aliyezoea kuona wageni wenye madaftari, atasimama mahali pengine kabisa. Mtoto yule hatajwi jina. Akishatoa jibu, mazungumzo yanarudi kwa Meno, na yeye anatoweka kwenye kitabu akiwa mtumwa vilevile alivyoingia. Socrates amepata hoja yake kuhusu roho isiyokufa. Mwenye roho hiyo amepata nini?

Wahojiwa wa tasnifu nyingi ni ndugu wa mtoto yule. Huingia katika sura ya nne wakiitwa "Mhojiwa 14", husema jambo moja zito kuhusu mvua au kodi au moto, kisha hutoka.

Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilikuwa na mtu aliyejaribu kufanya vingine. Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi akiwasaka wazee wenye hekima vijijini Kenya na kuwahoji. Wapo waliodai kwamba Afrika haikuwa na falsafa, ilikuwa na mila tu. Yeye aliamini kwamba dai hilo linajibiwa kwa kwenda kuwauliza watu. Aliwatenga wazee wa aina mbili. Wako wanaoihifadhi hekima ya jamii na kuisimulia ilivyo, na wako wanaoipima, wanaoikubali hapa na kuikataa pale kwa sababu walizozifikiri wenyewe. Hao wa pili aliwahesabu kuwa wanafalsafa, wawe wamesoma au hawakusoma. Na kitabu chake cha mwaka 1990 kiliyachapa mazungumzo hayo pamoja na majina ya waliosema. Paul Mbuya Akoko yumo humo kama Paul Mbuya Akoko.

Mgawanyo wa Oruka unafaa sana sokoni, kuliko pengine yeye mwenyewe alivyodhani. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayepita Toi kwa haraka huona mbao, mabati na maturubai yaliyoshikana kwa bahati, kana kwamba soko limeota. Limeundwa. Na miongoni mwa walioliunda wamo waliofuata tu mtindo wa jirani, na wamo waliofikiri: fundi aliyeinua sakafu kwa tofali mbili baada ya kuona maji yanavyopanda, mshonaji aliyegeuza cherehani yake impe mgongo mteja ili mwanga wa asubuhi uangukie sindano. Tasnifu nzuri ya usanifu huanzia hapo, katika kumtafuta mtu mwenye sababu. Swali lake kubwa ni "kwa nini hapa na si pale?", nalo humtaka mwulizaji akae chini.

Kukaa chini ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Mada ya kwanza ya mwanafunzi karibu kila mara ni pana kupita kiasi: kuboresha masoko ya mitumba Nairobi, au usanifu endelevu kwa maskini wa mjini. Msimamizi huirudisha imejaa wino mwekundu. Rasimu ya pili huja imepungua kidogo. Hadi siku moja mwanafunzi, akiwa amenyeshewa, huuliza: maji ya mvua ya bati hili yanakwenda wapi? Swali hilo lina upana wa bati moja, na ndani yake mna mfereji, jirani, ugomvi, ada ya chama, mpaka wa kiwanja, na kilomita za bomba ambazo jiji halijazitandika. Amepata tasnifu. Inabaki kuja alfajiri beli zinapofika, kuja adhuhuri jua likiwa utosini, kuja jioni taa zinapowashwa, na kuchora soko kana kwamba limekatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini, kwa sababu ramani ya juu huonyesha nani yuko wapi, na mkato huonyesha nani anamwagikia nani.

Hapohapo ndipo makosa ya kujua kwa haraka yanapofichuka. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa duniani kuwa ina watu milioni moja, na takwimu hiyo ilizunguka katika ripoti, filamu na hotuba. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Hata wanaoamini kwamba sensa iliwakosa wengi hawawezi kuufunika mwanya wa ukubwa huo. Mwaka uohuo, kwenye ramani za mtandaoni Kibera ilikuwa karibu tupu, mpaka vijana wa hapo walipochukua vifaa vya GPS na kuanza mradi wa Map Kibera, wakaweka mabomba, misikiti, makanisa, zahanati na vichochoro. Watu milioni moja wasiokuwa na njia hata moja ramani­ni: ndivyo mtaa ulivyokuwa ukijulikana na waliodai kuujua.

Au chukua Kawangware, mwendo mfupi tu upande wa magharibi, matatu za 46 zinakoishia. Mgeni akipigwa picha mbele ya mabati ya Kawangware na mbele ya mabati ya Kibera hatazitofautisha picha zake. Lakini Kawangware iko katika Dagoretti, ambako sehemu kubwa ya ardhi ina hati za familia na watu binafsi, ilhali Kibera kwa sehemu kubwa ni ardhi ya umma, na mwenye jumba anamiliki mbao na mabati bila udongo ulio chini yake. Mwanafunzi akipendekeza ukuta wa mawe, Kawangware ukuta huo unaweza kumpa mwenye kiwanja sababu ya kupandisha ghorofa na kodi, mpangaji akahama. Kibera ukuta huohuo ni kamari: aliyeujenga hajui kama utakuwepo barabara ijayo ikipita. Mchoro ni mmoja, na hatima zake ni mbili. Anayeandika "makazi duni" kisha akaendelea na sura inayofuata hajaona lolote.

Sasa lirejewe lile swali la deni. Kiswahili kina hazina ya maneno kuhusu kupokea cha mtu, na yafaa kuyapanga. Zawadi ukipewa ni yako. Mkopo ni wa kurudisha, lakini si lazima kitu kilekile: ukikopa shilingi mia unarudisha mia yoyote. Kuazima ni kuchukua kitu ukitumie kisha ukirudishe chenyewe. Sufuria ya jirani hurudi sufuria ileile, na mwenye adabu huirudisha imesuguliwa. Amana ni nzito kuliko zote. Ni kitu ulichowekewa ukitunze, na wewe huna ruhusa hata ya kukitumia.

Waislamu wa Makina, ambao adhana yao husikika hadi vibandani, wana elimu pana juu ya jambo hili. Katika fikihi, aliyewekewa amana halaumiwi ikipotea bila uzembe wake. Akiitumia kwa manufaa yake bila idhini, amevuka mpaka. Kuanzia hapo kila kitakachotokea ni dhamana yake, hata kama kimetokea kwa bahati mbaya. Idhini ikitolewa, hali hubadilika na kuwa azima, pamoja na wajibu wake wa kurudisha.

Alichopewa mwanafunzi pale kwenye benchi la mbao ni kipi kati ya hivyo?

Zawadi si. Mama aliyemweleza jinsi anavyohifadhi mali usiku hakumkabidhi habari hiyo aitembeze atakako. Kuna atakayesema ujuzi haufanani na sufuria: taa ikiwasha taa nyingine haipungui mwanga, na aliyefundisha hubaki na alichofundisha. Hoja hiyo ni ya kweli darasani. Sokoni haisimami. Mwenye kibanda akisema kwamba anapangisha nusu ya meza yake, au kwamba waya wa umeme unapita mahali fulani, au kwamba kibali chake ni cha jina la marehemu dada yake, maneno hayo yakitoka yanaweza kumpunguzia kibanda chenyewe. Na mwanafunzi anayatumia, tena kwa manufaa yake: atapata shahada, baadaye kazi, huenda siku moja akasajiliwa kuwa msanifu na kutia sahihi kwenye michoro ya watu. Basi ni azima. Ameazima ujuzi kwa idhini, na anatakiwa kuurudisha wenyewe, umesuguliwa.

Mzigo wa azima hiyo huonekana wazi mwanafunzi anapoweka penseli mezani kusanifu. Jambo zito kuliko yote Toi ni moto. Soko liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, likaungua tena Machi 2019, na alfajiri ya Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, moto uliua watu wanne. Mtu hawezi kuyasoma hayo kisha akausifu ustadi wa vichochoro na kuishia hapo. Gari la zimamoto haliingii katika njia iliyopimwa kwa bega. Kwa hiyo mwanafunzi huchora njia pana, na jopo hutikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini hesabu ifanywe. Njia ya mita moja ikipanuliwa kuwa mita sita, kwa urefu wa mita 100 tu, soko limetoa mita za mraba 500. Kibanda cha mita mbili kwa mbili hukalia mita nne. Mstari huo mmoja umeondoa vibanda 125. Ni familia 125, na nyingine nyingi nyuma ya wasaidizi, wabebaji na mafundi. Kwenye skrini ya kompyuta hazionekani. Kibonye kimoja kimezifuta, na mahali pake pamepakwa kijivu cha lami na miti miwili ya mapambo.

Nani ana haki ya kuzitaja 125 hizo? Mwanafunzi hana. Jopo halina, na hata mwanasheria wa jiji, akiwa na sheria ya zimamoto mkononi, atajua upana unaohitajika bila kujua nani aondoke. Huu si udhaifu wa hesabu wala wa sheria. Kujua nani aondoke ni aina ya ujuzi ambao unapatikana tu pale wenye kulipa gharama wanapokaa pamoja. Hao ndio wanaojua kwamba njia ya mita sita inaweza kuwa ya mita tatu na nusu kama mkondo wa maji ukifunikwa kwa slabu, kwamba wauza viatu wanaweza kubanana kuliko wauza mapazia, kwamba fulani ana vibanda vinne na wengine hawana hata kimoja. Mambo kama hayo hayatoki kwa hojaji yenye visanduku vya kutia alama. Hutoka saa ya tatu ya kikao, chai ikiwa imepoa, mtu mmoja anapomkasirikia mwenzake.

Kwamba soko laweza kufikiri namna hiyo, Toi yenyewe ni ushahidi. Baada ya majivu ya 2008, lilijengwa upya. Wafanyabiashara walikuwa wameshazoea kuweka akiba na kujihesabu kupitia vikundi vyao, katika utamaduni uliokuzwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, tangu mwaka 1996. Jamii Bora, shirika la mikopo midogo lililoanzishwa mwaka 1999 na wanawake 50 waliokuwa ombaomba pamoja na Ingrid Munro, mtaalamu wa makazi kutoka Sweden, lilishiriki katika ujenzi huo. Na miongoni mwa vijana walioshika nyundo na misumari walikuwamo waliokuwa kwenye ghasia zenyewe. Wanateolojia wanaoandika juu ya toba wangefaidika kuitazama picha hiyo kwa makini: toba yenye kipimo, inayorudisha nguzo mahali nguzo ilipong'olewa, na mwenye kibanda amesimama pembeni akiangalia kama imenyooka.

Utafiti wa wanafunzi nao umewahi kurudi nyumbani. Mwaka 2006 wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative. Jina ni la Kithai, lenye maana ya kujua kwa undani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa Kibera, ukingoni mwa mto karibu na Bwawa la Nairobi, ambako walishirikiana na wakazi kugeuza mahali pa taka kuwa uwanja wa watu wenye maji, biashara ndogondogo na kivuli, kisha wakaendelea na maeneo mengine ya Kibera kwa miaka mingi. Kubaki huko ndiko kunakostahili sifa. Tasnifu huwa na tarehe ya kukabidhiwa. Mto hauna.

Mfano mkubwa kuliko wote uko mbali kidogo. Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 Gando, Burkina Faso, akaenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia kusomea usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha akajenga shule kijijini kwao. Ilikamilika mwaka 2001, naye akahitimu baadaye, mwaka 2004. Matofali yalikuwa ya udongo wa Gando ulioongezwa saruji kidogo, paa la bati likainuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati, na wanakijiji ndio waliobeba mawe na kushindilia sakafu. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kenya ina jengo lake kando ya Ziwa Turkana, kampasi ya Startup Lions, yenye minara ya kupozea hewa inayofanana na vichuguu vya mchwa wa eneo hilo.

Kéré alikuwa na jambo ambalo mtafiti mgeni hana: Gando walimjua mama yake. Alipokosea, walijua mlango wa kumfuatia. Mwanafunzi wa Nairobi anayeshuka kwenye matatu Adams Arcade mara sita kisha asionekane tena hana mlango unaojulikana, na pengine hilo, kuliko futi yake, ndilo linalomfanya mama wa kibanda asiinue macho. Akitaka kujenga imani, atatafuta njia ya kupatikana. Aache namba ya simu inayoshikwa. Aende kwa viongozi wa soko kabla ya kwenda kwa vibanda, na arudi kwao baada ya kutetea tasnifu, sio kabla tu. Ayaandike matokeo kwa Kiswahili kurasa mbili, maana tasnifu ya kurasa 150 kwa Kiingereza katika maktaba ya chuo ni sufuria iliyofungiwa kabatini kwa mwazimaji.

Linabaki suala la majina, na hapa hakuna njia iliyonyooka. Kumficha fundi kunamlinda na askari wa jiji, na kunamnyang'anya kazi yake. Kumtaja kunampa heshima ambayo Oruka aliwapa wazee wake, na kunaweza kumletea hasara. Msanifu huweka jina lake kwenye kibao cha kila jengo analosimamia, na hakuna anayemwona mwenye majivuno. Aliyebuni namna ya kufunga bati la Toi lisipeperushwe wala lisivujie nguo, kazi yake hutajwa kuwa "mbinu za wenyeji". Jibu la haki ni kumwuliza yeye. Mwanafunzi amweleze wazi faida na hatari, fundi aamue, na uamuzi wake ubaki wazi hadi siku ya mwisho kabla ya kuchapa. Wengine watataka jina la kikundi. Wengine watakataa kabisa. Na wapo watakaosimama wima na kulitamka jina lao lote, la kwanza, la baba na la ukoo, wakiangalia kama linaandikwa sawasawa.

Siku ya kurudisha, michoro hutandazwa juu ya meza ya nguo, pembe zikikandamizwa kwa viatu ili upepo usiichukue. Watu husogea. Kwanza hutafuta walipo, kila mmoja na kidole chake, wakicheka wakijiona. Kisha kicheko hupungua, kwa sababu wameanza kusoma. Mmoja anauliza kwa nini choo kimekaa upande ule. Mwingine anahesabu vibanda vya safu yake, anahesabu tena, kimoja hakipo. Mama wa siku ya kwanza anainama, anafuata mstari mzito kwa ukucha hadi nyuma ya kibanda chake.

"Hapa umeniwekea ukuta," anasema. "Hapa hapana ukuta, mwanangu. Hapa ndipo jirani ananipitishia mtoto wake nimshikie akienda kuswali."

Mwanafunzi anachukua kifutio.